Pelekeni Habari Hii Vitshumbi: Lupus Haiambukizi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mh. Hiyo Amina ya kule nyuma ni ya watu ambao hawakunywa chai. Bwana asifiwe tena! Sawa, sasa nimewasikia.

Mnanijua. Mimi ndiye Mama Aline, yule anayekaa upande wa ukuta usio na dirisha, anayekuja ibadani na mwavuli hata siku ambazo hakuna wingu moja juu ya volkano. Najua mnavyosema: Mama Aline anajiona mke wa gavana. Semeni tu, mimi pia ningesema. Lakini kuna jambo ambalo hamjawahi kuniuliza. Mnaniita Mama Aline kila siku, sokoni na kanisani, na isipokuwa wachache tuliokuwa nao kambini, hakuna hata mmoja wenu hapa Goma aliyemwona huyo Aline. Leo nitawaambia yuko wapi, na ni nini kilichomtoa mikononi mwangu.

Mimi ni mtoto wa Kibumba. Kwetu ni baridi, ni ukungu, ni viazi na kabichi na vitunguu, na udongo mweusi ambao ukiuchimba asubuhi unatoa moshi. Nililima, ndugu zangu! Sijisifu, nasema kweli. Wanaume walikuwa wakipita kwenye shamba langu wanatazama mistari ya viazi wanauliza nani alinipimia kamba. Hakuna kamba. Ni jicho. Baba yake Aline alikuwa akipakia viazi kwenye magari yanayoshuka Goma, na siku moja gari ikapinduka naye, Aline akiwa bado ananyonya. Tangu hapo tukabaki watatu nyumbani: mimi, mtoto, na mama mkwe wangu, ambaye kwao hasa ni Vitshumbi, kwa wavuvi, lakini alikuja akakaa nami nisilie peke yangu. Huyo mama alinipikia uji kwa mikono yake. Nawaomba msimchukie kwa yale nitakayosema.

Ugonjwa ulianza kwa uchovu. Si uchovu wa kulima, huo naujua, ukilala unaondoka. Huu niliamka nao. Halafu vidole. Asubuhi vilikuwa vigumu, vimevimba, nashika mpini wa jembe na mpini unaanguka chini, nami namtazama Aline anacheka akifikiri mama anafanya mchezo. Jua likipanda, vidole vinalegea, nalima kidogo. Kesho yake ni vilevile. Tena si mkono mmoja, ni yote miwili.

Kisha ukaja uso. Wekundu ulishika shavu hili na shavu hili, ukavuka juu ya pua, rangi ya maharage yaliyochemka. Hapo ndipo maneno yalianza. Wakasema nimejichubua! Mjane mchanga, uso mwekundu, bila shaka anatafuta bwana mwingine. Mama mmoja alinishika mkono kisimani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Aline, ni mafuta gani hiyo? Haikukubali, lakini nionyeshe tu kopo yake." Nilimwambia sina mafuta, napaka vazilini ya mtoto. Hakuamini hata kidogo.

Na homa. Ninyi mnajua, kwetu kila homa ni malaria, na isipokuwa malaria ni tifoide. Nilikunywa dawa za malaria, nikanywa za tifoide, nikarudia za malaria. Homa inaondoka, inarudi. Hakuna aliyeweka pamoja uso, vidole, homa na uchovu akasema hawa ni ndugu wa baba mmoja. Hata mimi sikuviweka pamoja. Nilikuwa nikipeleka kila kimoja mahali pake: vidole kwa mama wa majani, homa kwa kituo cha afya, uso kwa shetani.

Halafu vita vikatufikia. Sitavisimulia, kila mmoja humu ana vyake. Mabomu yalianguka juu ya mashamba na sisi tukashuka barabara ya Goma na godoro kichwani, mama mkwe anamvuta mbuzi, mimi namvuta Aline. Jembe niliacha limesimama kwenye mstari. Tukaingia kambini, kibanda cha shitingi, yale maturubai ya plastiki, juu ya mawe ya volkano, pasipo mti hata wa dawa. Mnaijua ile kambi. Jua linakupiga kutoka juu, mawe yanalirudisha kutoka chini.

Huko ndiko uso wangu uliwaka moto. Vidonda vikatoka ndani ya kinywa, juu ya ulimi. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitambaa nikikifungua asubuhi. Na mimi nikafanya kile ambacho kila mmoja wenu angefanya: nikaenda kwenye maombi! Kina mama wa maombi wa kambini walinichukua, tukafunga, tukapiga magoti kwenye uwanja wa mawe tangu asubuhi mpaka jua linalala, kichwa wazi mbele za Bwana. Kesho yake siwezi kusimama. Wanasema, mama, imani yako bado changa, turudie. Tunarudia! Ndugu zangu, nilikuwa namlilia Mungu aniondolee moto, na magoti yangu yako ndani ya moto. Sisi hatukujua. Baadhi ya mama hao wako hapa leo, nawaona mmeinamisha vichwa. Inueni vichwa, mlinipenda.

Sasa sikilizeni lile lililoniumiza kuliko vidole.

Kambini usiku ni baridi kali, na Aline alikuwa analala nyuma yangu, amenishika kiuno, pua yake hapa katikati ya mabega. Hilo ndilo lilikuwa joto langu. Mama mkwe alitazama vidonda vyangu, akatazama uso, akatazama nywele kwenye kitambaa. Kisha akasema, "Mama Aline, mutoto hatalala tena na wewe. Hii iko bukoma, ao ni SIDA, ni ukimwi, sijui, lakini itamushika." Nikasema, "Mama, walinipima, haiko SIDA." Akasema, "Basi ni ile yenye haina jina. Njo mubaya zaidi."

Na ni kweli, haikuwa na jina. Akamhamisha mtoto upande wake, akatundika kitenge katikati. Nilikuwa namsikia Aline anapumua upande wa pili wa kitenge.

Siku vita vilipotulia kidogo, barabara ya Rutshuru ikafunguliwa, magari yakaanza kupanda. Mama mkwe akafunga mizigo. Akaniambia bila hasira, na machozi yakimtoka, "Mutoto ni wa ukoo ya baba yake. Huyu njo kitu kimoja yenye mutoto wangu aliniachia. Siwezi kumuacha afe na wewe." Ndugu zangu, kwa desturi yetu ana haki. Ningebisha nini? Nilitaka kutembea nao mpaka barabarani, magoti yakakataa. Nilikaa mlangoni pa kibanda. Aline alikuwa juu ya magunia, amevaa sweta ya manjano, anapunga mkono, anapunga tu. Nami sikuweza kuinua mkono wangu juu ya bega kumjibu. Gari ikaondoka. Mpaka leo najiuliza kama mtoto alifikiri sikutaka kumuaga.

Walipofika Vitshumbi, barabara ikafungwa nyuma yao.

Sasa nilibaki na kitanda kizima peke yangu. Mkinitazama naimba kwenye korale, kwaya yetu, mnafikiri nafurahi, na kweli nafurahi, Bwana ni mwema! Lakini kila jioni mgongo wangu unamtafuta mtu. Naomba mnielewe: mgongo. Ningeweza kusahau sura, watu wanasahau sura, lakini mgongo hausahau.

Ugonjwa ukaendelea. Asubuhi macho yananivimba, miguu inavimba, kandambili hazivaliki. Jirani yangu akanipongeza! "Mama Aline, umenenepa, kambi imekukubali!" Tukacheka wote wawili. Mkojo ulikuwa unatoa povu kama maji ya sabuni, nikaona haya kumwambia mtu. Mpaka siku nilipokosa pumzi. Ni kina mama wa kanisa hili walionibeba, mmoja mbele na mmoja nyuma yangu juu ya pikipiki ili nisianguke, mpaka hospitali mjini. Mungu awabariki, na yule mwenye pikipiki pia, aliyekataa kupita kwenye mashimo.

Daktari alikuwa mwanamke, mtu mzima, ana haraka lakini masikio yake hayana haraka. Hakuanza na sindano. Alianza na maswali.

"Mama, hii uso inachomekaka wakati gani?"

"Kama nimetoka ku jua, dokta."

"Na vidole?"

"Asubui. Siwezi hata kufunga kifungo. Muchana zinalegea."

"Toa kitambaa nione nywele. Fungua kinywa. Sasa niambie, mukojo iko na povu?"

Nikatazama chini. Akangoja. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaandika vipimo vya damu na vya mkojo, na vilipotoka akarudi mwenyewe, akakaa kando ya kitanda changu.

"Hii ugonjwa banaiita lupus. Mwili ya mutu iko na askari wa kuilinda. Kwako askari wamegeuka, banapiga nyumba yenye walipashwa kulinda. Wamepiga ngozi, wamepiga viungo, na sasa wamefika ku figo."

Nilielewa mara moja! Mtu wa Kivu haelezwi mara mbili habari ya mwenye bunduki anayegeuka. Lakini mimi nilikuwa na swali moja tu, na lilinitoka kwa kelele hata wagonjwa wengine wakageuka. "Dokta, inaambukizaka?"

"Hapana, mama. Haiambukizake. Haipite ku mate, haipite ku shuka, haipite ku pumuzi. Mutoto wako hawezi kuipata kwa kulala na wewe."

Na akafanya hivi. Aliweka mkono wake mtupu juu ya shavu langu, hapa, palepale pekundu, akauacha. Ndugu zangu! Tangu mtoto wangu aondoke, hakuna mkono wa mtu uliokuwa umegusa uso wangu. Nililia mpaka akafikiri ameniumiza.

Hapo, nasema, ndipo nilipofunguliwa. Si siku ya kupona, maana daktari aliniambia wazi, "Haiponake kabisa, lakini inatulia, na mutu anaishi nayo." Nilifunguliwa siku ile ugonjwa ulipopata jina. Kitu kisicho na jina kinaweza kukuchukulia mtoto. Chenye jina unaweza kukijibu.

Alinipa vidonge vya kila siku na amri. Jua, hapana: nguo ndefu, kofia, mwavuli. Basi mwavuli ndio huo! Uchovu, usishindane nao. Na akasema jambo kubwa: ugonjwa huu unalala na kuamka, na kabla haujaamka unatoa dalili. "Wewe njo utaiona kwanza, mbele yangu. Ujitazame kila siku." Nikarudi nikijiuliza nitajitazama vipi, mimi ambaye shule niliishia kwenye kujua jina langu.

Bwana akanifundisha. Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani ninaomba kwa mwili wangu wote, kutoka juu kwenda chini. Naweka mkono kichwani: Bwana, asante kwa nywele, na natazama kama zimebaki mkononi. Nashika mashavu: yana moto au yamepoa? Napitisha ulimi kinywani natafuta kidonda. Navuta pumzi ndefu: inachoma kifuani? Nafunga ngumi, nafungua, asante kwa vidole, na kama havifungiki namwambia Bwana, leo havifungiki. Magoti. Kisha miguu, nabonyeza kwa kidole juu ya mfupa. Kidole kikiacha shimo, kuna maji. Na ninapotoka nje natazama povu, bila haya, maana aliyeumba figo haoni haya nazo. Yale ninayomwambia Bwana asubuhi ndiyo ninayomwambia daktari nikienda kumwona.

Kuna asubuhi nilifika miguuni, kidole kikaacha shimo. Uso ulikuwa mzuri, nilikuwa na nguvu, jirani angesema nimenenepa tena. Sikungoja siku yangu ya kurudi. Nilikwenda. Daktari alipima akasema figo zilikuwa zinaanza kupigwa tena, akabadilisha dawa, akaniambia kama ningengoja tungesema maneno mengine. Asifiwe Bwana wa vidole na miguu!

Nimejifunza pia kinachouamsha. Nilikwenda kumzika mama wa jirani, nikasimama juani asubuhi nzima kwa sababu niliona aibu kufungua mwavuli mbele ya maiti. Nililipa kwa siku nyingi za kitandani. Habari mbaya zinauamsha. Siku milio ya silaha ilipokaribia mji, vidole vilijua kabla ya redio. Na kuna mtu aliyeniambia nitupe vidonge nionyeshe imani. Nilimjibu, Bwana aliyenipa mimi imani ndiye aliyempa daktari akili. Akaniombea kwa sauti ya juu akaenda zake.

Kambi ikavunjwa, nikapanga chumba hapa mtaani. Nauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga jioni, jua likishashuka. Nimeishi! Lakini nikidanganya kwamba sina hamu, nitakuwa nimedanganya madhabahuni. Nina hamu na jembe. Nina hamu na jua la Kibumba mgongoni saa ukungu unapoondoka, ambalo sitalipata tena kwa namna ile. Hiyo nimemwachia Mungu. Aline sijamwachia mtu.

Vitshumbi mtandao unakuja na kwenda. Ulipokuja nilisikia sauti ya mtoto aliyekua. Anaongea kama wavuvi! Nikamwambia, mama anakupenda, mama anakutaka nyumbani. Akauliza kwa adabu, kama anavyouliza mgeni, "Mama, uso yako ilipona? Tate anasema nikikushika nitapata." Tate ni nyanya yake. Nilisema, "Haipatikanake vile, mwanangu." Simu ikakatika.

Nilimpigia mama mkwe tena na tena. Nilimweleza lupus, figo, askari, yote. Na wiki hii alinipa jibu. Yule mama si mjinga, ni mtu wa kanisa. Alisema, "Wewe njo mugonjwa. Mugonjwa hawezi kujitolea ushahidi. Daktari simujue. Unitumie watu wa kanisa lako, wawili ao watatu, waniambie kwa kinywa yabo, mbele ya macho yangu, kama walikula na wewe ku sahani moja, mukono ku mukono, na hawakushikwa na kitu. Nikiwasikia, mimi mwenyewe nitamupandisha mutoto ku gari."

Ndugu zangu, ndiyo sababu nimesimama hapa. Barabara sasa inapitika. Papa Musafiri na Mama Kavira, ninyi mnaopanda Vitshumbi kununua samaki wa chumvi, mnaondoka juma lijalo, mmetuomba tuwaombee safari. Nitawaombea. Lakini leo nawaomba kitu. Na ninyi wengine nawaomba pia, maana mama mkwe wangu atawauliza, "Ni ninyi tu, ao kanisa nzima?"

Mtumainini Bwana, hajatuacha hata juu ya mawe. Ukiona wekundu usoni unaovuka pua, asubuhi zenye vidole vigumu, homa isiyosikia dawa, vidonda kinywani, nywele zinazotoka, povu, miguu inayovimba, usivipeleke kila kimoja mahali pake. Viweke pamoja uvipeleke kwa daktari, na usimwache mtu akuambie unapungukiwa imani. Na ukimwona mwenye uso kama wangu, umshike kwa mkono mtupu.

Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi, na sasa nimalize. Nje, chini ya paa la korale, kwenye kivuli, kuna sahani. Ni moja tu, niliomba kubwa kwa jirani. Kuna bugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki, nimepika tangu alfajiri. Mwenye kuogopa asione haya, mimi naujua woga, umelala kwangu. Lakini aliye tayari kuwa shahidi, anawe mikono aje akae nami. Mimi nimekwisha kunawa.